Pishi kwa Kichwa: Kupanga Chakula cha Wiki katika Nyumba ya Mkristo, Malindi

Mana ilipoanguka jangwani, agizo la kwanza halikuhusu ladha wala mapishi. Lilihusu kipimo. Katika Kutoka sura ya 16, Biblia ya Union inatumia neno ambalo bibi yeyote wa Pwani analijua tangu utotoni: "pishi kichwa", kwa hesabu ya watu walio katika hema. Pishi, yaani vibaba vinne. Waliojiwekea hadi asubuhi walikuta mabuu na uvundo. Siku ya sita waliokota maradufu kwa ajili ya Sabato, na hicho hakikuoza.

Sisi tunaopika katika jumuiya za kanisa hapa Malindi na kuwafundisha wenzetu kupanga chakula tunaanzia hapo hapo. Hesabu vichwa. Pima. Jua kinacholala na kisicholala. Andaa Jumapili tangu Jumamosi. Mengine yote tuliyojifunza yanatoka katika mambo hayo manne, na nyumba nyingi zinakwama kwenye la pili. Watu husali "utupe leo riziki yetu" kwa moyo wote, kisha riziki ikija inamwagwa sufuriani kwa makadirio ya macho. Mkono unapopima kwa macho, kila siku unazidisha wanga na kupunguza mboga, kwa sababu mchele na unga ndivyo vinavyojaza sahani upesi.

Tuchukue nyumba ya watu sita: baba, mama, nyanya mwenye presha, na watoto watatu wa shule ya msingi. Kwa mlo mmoja wa wali tunampimia mtu mzima gramu 100 za mchele mkavu, mtoto gramu 60. Jumla ni gramu 480, yaani vikombe viwili na nusu vya mililita 250. Kwa sima, mtu mzima gramu 130 za unga, mtoto 70. Jumla gramu 600. Kwa hiyo pakiti ya kilo mbili ni sima ya siku tatu, na zinabaki gramu 200 za uji wa asubuhi. Maharagwe, mbaazi, pojo au kunde kavu: gramu 60 kwa mkubwa, 40 kwa mtoto, jumla 300, ambazo ni kikombe kimoja na nusu. Samaki ana hesabu yake, maana kilo moja ya samaki mzima ukitoa magamba, matumbo, kichwa na miba inabakisha nyama kama nusu kilo. Kilo moja inatosha watu hao sita ikiwa mezani kuna mbaazi pia. Kama samaki ndiye kitoweo peke yake, ongeza robo.

Mboga na matunda ndipo hesabu inapowashtua watu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa mtu mzima kwa siku, na muhogo, viazi na ndizi za kupika havihesabiwi humo. Nyumba yetu ya watu sita inahitaji kama kilo mbili kila siku. Mafungu mawili ya mchicha yakishaiva yanakuwa konzi tu, na ndiyo maana mpishi hudhani amepika mboga nyingi kumbe kila sahani imepata vijiko viwili. Dawa yake ni kupima kabla ya kupika, na kulitumia embe, papai, ndizi au chungwa kama sehemu ya mlo, lisingoje mgeni.

Daftari la jikoni lina ukurasa mmoja tunaouita ukurasa wa pakiti. Unaandika tarehe ya kufungua chumvi, sukari na mafuta, basi. Mtu mzima hatakiwi kupita gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Kwa nyumba hii, ukizingatia watoto wanahitaji kidogo zaidi, ni kama gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo inapaswa kufika siku 20. Ikiisha siku ya 12, hakuna haja ya kubishana kama chakula kilikuwa na munyu au la, daftari limeshasema. Na bado hujahesabu mchuzi wa vipande vya viungo vya dukani, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi, wala ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Sukari vivyo hivyo: kilo moja ikiisha ndani ya wiki, kila mmoja kati ya sita amekula karibu gramu 24 kwa siku kabla ya soda. Chupa moja ya soda ya mililita 300 inaongeza zaidi ya gramu 30 kwa mkupuo mmoja. Kiwango bora kwa mtu mzima ni chini ya gramu 25 kwa siku. Tumeona ukurasa huu ukibadilisha nyumba kuliko mahubiri ya nusu saa, kwa sababu haumshutumu mtu yeyote. Unaonyesha tarehe mbili tu.

Jambo la chumvi lina upande mwingine. Chumvi ghafi inayouzwa kwa magunia kutoka mashimo ya chumvi upande wa Gongoni, kabla haijapita kiwandani, haina iodini iliyoongezwa. Inafaa kukaushia samaki. Ya mezani iwe ya pakiti yenye iodini, na ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na meko, kwa kuwa joto na unyevu wa Pwani huipunguza iodini kidogo kidogo.

Sasa nazi, maana bila nazi tutakuwa tunaongelea jiko la watu wengine. Wapo wanaosema ukitaka kula kiafya uache tui kabisa. Hatukubaliani nao. Mafuta ya nazi kweli ni yale yanayoganda, zaidi ya sehemu nane katika kumi, na mwenye presha au kolesteroli nyingi ana sababu ya kuwa na kiasi. Lakini mchicha, kisamvu na maboga vina vitamini A ambayo mwili hauichukui vizuri bila mafuta kidogo, na vijiko vichache vya tui ndivyo vinavyomfanya mtoto amalize mboga. Kinachotakiwa ni kipimo: nazi moja ya kiasi kwa chungu cha watu sita, na chungu kimoja tu chenye nazi katika mlo mmoja. Wali wa nazi, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka mezani kwa wakati mmoja ni karamu ya harusi. Ukipika mbaazi za nazi, wali uwe mweupe.

Namna ya kulitumia tui ndiyo inayookoa nazi na chakula pia. Ikune nazi kwa mbuzi, kile kibao cha kukunia, ukikomea kwenye nyama nyeupe. Ukifika kwenye ngozi ya hudhurungi tui linakuwa jeusi na chachu yake inasikika. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua na chuja: hilo ni tui la kasimele. Weka kando. Tia maji vikombe viwili au vitatu, kamua mara ya pili: hilo ndilo la kupikia. Kitoweo kiive kwa tui la pili, kisha kasimele liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, bila kufunika, ukikoroga upande mmoja polepole kwa dakika tano hivi. Tui hukatika kwa sababu tatu: moto mkali, kuachwa bila kukorogwa, na kutiwa kitu kichachu mapema. Ukwaju, ndimu au embe bichi viingie sufuria ikishaepuliwa. Likishakatika halirudi, linalika, ila mafuta yameelea juu na wageni wataona.

Hapo ndipo lilipo somo la mana kwa jiko la Malindi. Chakula chenye tui hakilali. Kwa joto letu la nyuzi 27 hadi 32, mbaazi za nazi zilizopikwa saa kumi jioni zitakuwa zimechacha kabla ya jua kuchomoza. Mbaazi hizo hizo, zikichemshwa kwa maji matupu na kupozwa upesi, zinakaa kwenye friji siku tatu. Kwa hiyo pika maradufu bila tui, gawa mara mbili, na tui litiwe kwenye sehemu ya leo peke yake. Nyumba inayojua siri hii inapika maharagwe mara mbili tu kwa wiki na kuyala mara nne: leo ya nazi, kesho kutwa yaliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya, au yaliyopondwa na mahindi. Makaa yanapungua nusu.

Kuhusu mbaazi zisizoiva, malalamiko tunayoyasikia kila mara, sababu kwa kawaida ni moja kati ya hizi. Ni za msimu uliopita, zimekaa kwenye joto na unyevu hadi ganda limekuwa gumu kabisa. Hizo hata ukizilowesha siku nzima utakuta punje zilizobaki kama kokoto, na hizo zitoe. Au nyanya na ukwaju vimetiwa mapema, asidi ikalikaza ganda. Au hazikuloweshwa. Lowesha kwa muda wa saa nane kwa uchache, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Maharagwe mekundu lazima yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi, tunashauri nusu saa, kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Moto wa kufukuta peke yake hauitoi. Magadi tunayakataza. Yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaua vitamini B na yanaongeza sodiamu ile ile tunayomkimbizia nyanya mwenye presha.

Mtu akiuliza kwa nini nafaka tunayoisisitiza ni mtama na wimbi wakati mahindi ni rahisi, jibu letu ni la aina mbili. La kwanza ni la kihistoria: mahindi na muhogo vilitoka Amerika na kuingia Pwani baada ya Wareno kuanza kupita hapa, na Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Kabla ya hapo wazee wa Pwani walikuwa wanakula mtama na wimbi. La pili ni la kitabu: Danieli na wenzake katika Biblia ya Union waliomba wajaribiwe kwa mtama na maji, siku kumi. Wengine huisoma habari hiyo kama ahadi kwamba anayekula hivyo atanenepa kwa muujiza. Sisi tunaiona kama mfano wa mpango: muda uliotajwa, chakula kilichotajwa, na mtu wa kupima matokeo mwishoni. Nyumba ikitaka kubadilisha uji wa sembe kuwa wa mtama na wimbi, ijipe siku kumi hizo hizo, si maisha yote. Uji ni gramu 40 za unga kwa mtu, changanya mtama mbili na wimbi moja, na sukari ipunguzwe kijiko kimoja kwa chungu kila baada ya siku tatu. Ulimi unazoea bila mtu kugomba.

Kiamsha kinywa cha mahamri na mbaazi ni urithi wetu na hatuutupi. Lakini mahamri ya kila asubuhi ni unga mweupe, sukari na mafuta ya karai kabla ya saa mbili. Tunayaweka Jumamosi. Siku za kazi ni uji, muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu au mkate wa mofa. Na chai ingoje. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na mlo wa maharagwe au mchicha huzuia mwili kuyachukua madini ya chuma; subiri saa nzima. Ndimu, chungwa na embe hufanya kinyume chake, yaani husaidia. Mama mjamzito na msichana aliyevunja ungo wanufaike na hili kwanza.

Mboga za majani zina siku zake. Mashamba ya bonde la Sabaki yanalisha soko, na mto ukifurika wakati wa mvua za masika mboga hupungua na bei hupanda. Wiki hizo ndipo mchunga, ambao Wagiriama huuita mtsunga, mnavu na majani ya kunde yanapookoa meza, kwa sababu yanaota karibu na nyumba. Uchungu wa mchunga hupungua ukichemshwa dakika tano na kumwaga maji, ingawa vitamini nyingine zinaondoka nayo. Tunashauri kuuchanganya nusu kwa nusu na mchicha badala ya kuumwaga mara mbili. Kisamvu kitwangwe kinuni hadi kilainike kabisa, kisha kichemshwe bila kufunikwa, nusu saa na zaidi, ndipo kiungwe. Sumu ya majani ya muhogo hutoka na mvuke, na mfuniko unairudisha ndani. Muhogo mchungu haufai kuchemshwa na kuliwa kama ule mtamu. Kama hujui ni upi, usiununue.

Kwa samaki, panga kwa pepo. Kaskazi inapovuma, kuanzia kama Desemba hadi Machi, bahari imetulia na samaki wapo. Kusi ikianza Aprili, bahari inachafuka, mashua nyingi hazitoki, na mpango wa "samaki mara mbili kwa wiki" unakuwa wa samaki mara moja na kunde mara moja. Andika hivyo kabisa kwenye daftari, usiandike samaki ambaye hutampata. Ng'onda ni akiba nzuri ya kusi, mradi aloweshwe usiku mzima na maji yabadilishwe mara mbili, na chumvi isiongezwe tena chunguni hata chembe.

Kuna hatari moja ya samaki ambayo macho hayaioni. Jodari na vibua, na jamii yao wenye nyama nyekundu, wakikaa juani au kwenye beseni bila barafu hutengeneza sumu ya histamini. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Mlaji hupata mdomo kuwashwa, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio ndani ya saa moja au mbili, na watu husema ana mzio wa samaki kumbe samaki aliharibika kabla ya kufika sokoni. Nunua pale wanaposhushwa, upande wa gati, uende na barafu yako kwenye ndoo yenye mfuniko, na ukute matamvua yakiwa mekundu na jicho likiwa angavu. Muuzaji anayekataa uguse samaki, muache.

Mahindi, karanga na unga vikionyesha ukungu au harufu ya uvundo, tupa. Sumu kuvu haitoki kwa kuosha wala kupika, na kumpa kuku ni kuirudisha mezani kwa njia ya mayai. Wengine husikia uchungu wa kutupa chakula kwa sababu Yesu aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu. Alisema hivyo kuhusu mkate mzima uliotoka kuliwa muda huo huo. Kuokoa mabaki ni kuyapoza upesi yangali mazima. Wali uliobaki usambaze kwenye sinia pana, usiuache umejazana kwenye sufuria yenye joto, na uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Vijidudu vya mchele vina mbegu zisizokufa kwa kupikwa, huamka wali ukikaa vuguvugu, na sumu yao haiondoki ukipasha moto asubuhi. Asiye na friji asilaze wali. Apike wa kumalizika.

Kwaresima ndiyo shule yenyewe, na ndipo tunapoona makosa ya dhati yakifanywa kwa nia njema. Kwa Wakatoliki, mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni mlo mmoja kamili na midogo miwili ambayo ikijumlishwa haifikii huo mmoja, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Kosa la kwanza ni kukaa na chai ya sukari na mkate mweupe mchana kutwa, kisha kula sima ya watu wawili usiku. Mlo mkuu uwe na kunde na mboga, na midogo iwe uji wa wimbi au ndizi na kikombe cha maziwa. Maji hayakatazwi, na kwa jua la Machi mtu mzima anahitaji lita mbili na zaidi. La pili ni la wagonjwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiruke mlo bila kuongea na daktari wake; sukari ikishuka ghafla inaweza kumwua. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile hawabanwi na mfungo. Wafunge soda, mandazi na sukari ya chai. Huo ni mfungo halali kabisa, na pengine mgumu kuliko wa wengine.

La tatu ni letu sisi watu wa Pwani peke yetu. Kuacha nyama Ijumaa na kula kolekole wa kupaka au kamba wa nazi ni kutimiza sheria huku ukijiandalia sikukuu. Kwa mtu wa bara samaki ni kitu adimu. Kwetu ni kitoweo. Hakuna dhambi kumla; lakini tunapopanga Ijumaa za Kwaresima tunaweka pojo, kunde au mchunga na sima, na tofauti ya pesa inaingia kwenye bahasha. Isaya 58 inasema wazi mfungo unaotakiwa ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, na bahasha isiyokuwa na hesabu huishia kwenye vocha ya simu. Andika: samaki kilo moja bei hii, pojo gramu 300 bei hii, tofauti hii.

Miaka hii Kwaresima na Ramadhani zimekutana. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5. Muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi na tende hutafutwa sana kwa ajili ya futari, na ukienda sokoni saa tisa mchana utashindana na jirani yako aliyefunga tangu alfajiri. Nunua asubuhi, au hamia kwenye maboga na mtama mwezi huo, umwachie. Naye akikuletea sahani jioni, ipokee na uile hata kama haikuwa kwenye daftari.

Tunakuja kwenye jumuiya, na hapa tunasema kwa uchungu kidogo. Ibada inazunguka nyumba hadi nyumba, na kila mwenyeji anataka asipitwe na wa wiki iliyopita. Chapati, pilau ya nyama, soda mbili mbili. Familia isiyo na uwezo inaanza kukopa, au zamu yake ikikaribia inaacha kuja. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hili hili: mmoja ana njaa, mwingine amelewa, na wasio na kitu wanatahayarishwa. Suluhisho linalofanya kazi ni mlo mmoja uliokubaliwa na wote, unaoandikwa mara moja kwa mwaka mzima: wali mweupe, mbaazi za nazi, mboga moja ya majani, tunda moja, maji au maji ya ukwaju. Soda hakuna, hata kwa mwenye nazo. Sheria ikimbana tajiri na maskini sawasawa ndipo maskini anapopumua.

Kwa watu wazima 25 vipimo ni hivi: mchele kilo mbili na nusu, mbaazi kavu kilo moja na nusu, nazi nne, mchicha au kabichi kilo tatu na nusu, vitunguu kilo moja, nyanya kilo moja na nusu, ndizi 25, ndimu kumi, chumvi vijiko vinne vya chai kwa vyungu vyote, na mafuta robo lita. Sufuria ya wali iwe ya lita 12 au zaidi. Wali wa wingi huungua chini na kubaki kiini juu kwa kuwa moto wote uko upande mmoja: maji yakikauka, toa makaa mengi chini, yapalie juu ya mfuniko, na usifunue kwa dakika ishirini. Mwenyeji hanunui peke yake. Mmoja analeta nazi, mwingine mchele, na mama wa nyumba anatoa moto na maji. Watoto na wazee wapakuliwe kwanza, kwa upawa mmoja ule ule, anayepakua akijua upawa huo unabeba kiasi gani kabla hajaanza.

Jumamosi jioni, basi. Fungua daftari, hesabu vichwa vya kesho, na kama kuna mgeni mwongeze sasa hivi. Chagua mchele kwenye ungo kungali na mwanga. Pima mbaazi, toa zilizotobolewa na wadudu, osha, zilowe kwa maji mara tatu ya ujazo wake kabla ya sala ya usiku. Mwenye friji aliyezilowesha tangu asubuhi achemshe zake leo na kuzipoza bila tui. Mchicha usioshwe wala kukatwa. Ufungwe kwenye kitambaa chenye unyevu na ukae mahali penye upepo. Vitunguu na nyanya viwekwe tayari kwenye kikapu kimoja pamoja na kisu, ili asubuhi mtu asizunguke. Chota maji ya kupikia. Nazi ziache zima. Zitavunjwa saa kumi na moja alfajiri, mtu mmoja kwenye mbuzi na mwingine kwenye kifumbu cha kuchujia tui, na tui la kasimele likae kando hadi watu watoke kanisani.